Shajara ya kiduha: misimu miwili katika shamba la mama, Kwimba, Mwanza

12 Novemba 2022

Leo nimepima shamba kwa hatua na kupigilia vigingi. Ni ekari moja na nusu nyuma ya nyumba ya mama, udongo wa luseni, mchanga mwepesi usiokaa na maji. Mahindi yamefuatana hapa miaka kumi na moja bila kubadilishwa. Msimu uliopita mama alivuna magunia mawili kasoro debe. Alipata mvua ya kutosha na alipalilia mara mbili kwa wakati, lakini mahindi yalidumaa, majani yakajikunja mchana kana kwamba kuna ukame, na chini yake pakachanua maua ya waridi mazuri kuyatazama. Hicho ndicho kiduha, gugu linalong'ang'ania mizizi ya mahindi na kuinyonya. Wenzetu wa upande wa Kenya kandokando ya Ziwa Victoria hukiita kayongo. Mama anasema shamba limechezewa.

Sikumbishia. Nimemwomba tu anisimulie lilivyolimwa zamani, nikaandika neno kwa neno. Wakati wa babu, kipande hiki kilikuwa cha pamba mwaka mmoja, mtama au uwele mwaka unaofuata, halafu karanga na mihogo, na ukifika wakati wake kinaachwa kilale miaka kadhaa, ng'ombe wanapita humo. Babu alipofariki ardhi iligawanywa kwa watoto saba. Aliyebaki na ekari moja na nusu hana pa kulaza ardhi. Bei ya pamba ilipoyumba mama akaiacha, na watoto walipozoea ugali wa mahindi mtama nao ukaachwa. Mabadiliko hayo yote yalifanyika taratibu, kila moja likiwa na sababu ya maana, na hakuna aliyeyahusisha na maua ya waridi.

Mradi wangu ni huu: kugawa shamba vipande vitano, kulima kila kimoja kwa namna yake kwa misimu miwili, na kuhesabu magugu. Ninataka kujua kila namna ya kulima inalea gugu gani.

3 Desemba 2022

Mvua imechelewa, lakini jana ilinyesha ya kupandia. Vipande viko hivi:

Cha kwanza ni mahindi kama kawaida, plau ya ng'ombe na sesa, yaani bila matuta, palizi mbili. Cha pili ni mtama aina ya Hakika, na kunde katikati ya mistari. Cha tatu ni pamba mwaka huu, mahindi mwakani. Cha nne hakilimwi kabisa: tumepiga dawa ya kuua magugu, tukatandaza mabua, tukachimba vishimo na kupanda mahindi. Cha tano ni mahindi na desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa, ambayo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, waliipanda katikati ya mahindi wakitafuta dawa ya funza wa mabua, wakakuta imepunguza na kiduha pia.

Hakika haikuchaguliwa kwa bahati. Aina hii na mwenzake Wahi zilitolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 2002, na zimetokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mtaalamu wa mtama kutoka Ethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mizizi ya mtama huu hutoa kidogo sana ile kemikali inayoziamsha mbegu za kiduha. Kuna gugu udongoni linalosubiri kuitwa, na mtama huu hauliiti.

Nimetengeneza fremu ya waya, nusu mita kwa nusu mita. Nitaidondosha mara kumi katika kila kipande na kuhesabu kila kilichomo ndani yake.

29 Januari 2023

Jua kali. Desmodiamu imekufa karibu yote. Mbegu zake ni ndogo mno, zilihitaji udongo laini na unyevu wa mfululizo, na mwaka huu hatukupata. Michache iliyoota ililiwa na mbuzi siku mama alipokwenda gulioni Ngudu. Kipande cha tano sasa ni mahindi matupu. Nitajaribu tena kwa vipandikizi.

Palizi ya pili imekwisha leo. Nimehesabu magugu ya kawaida kabla ya jembe kupita. Kipande cha kwanza kina mchicha pori na kishona nguo kwa wingi, na ndago imekaa kwa mistari mirefu inayofuata njia ya plau. Niliifukua moja. Vile vitunguu vyake vidogo vyeusi huwa vimeungana chini kama shanga, na vikiwa vimeungana, vingi hulala, cha juu ndicho huota. Plau inapokata uzi huo, kila kimoja hujitegemea na kuota chenyewe. Tunailima tukidhani tunaiua, kumbe tunaipandikiza.

Kipande cha nne ni kisafi kuliko vyote. Jirani amekuja kukitazama mara mbili na kuuliza bei ya dawa. Nimemwomba asubiri mwakani.

Kiduha hakionekani popote. Mama amefuta jembe na kuliweka darini. Nimeandika tarehe hiyo kwa wino mwekundu kwa sababu nadhani ndiyo siri yenyewe.

19 Februari 2023

Kimeonekana. Siku ishirini na moja baada ya palizi ya mwisho.

Mahindi matatu ya kipande cha kwanza yalikuwa yamenyauka asubuhi, saa tatu tu, udongo ukiwa bado na unyevu wa umande. Juu ya ardhi hapakuwa na kitu. Niling'oa moja na tonge lake lote la udongo, nikaliweka kwenye beseni la maji na kuliacha lijiyeyushe lenyewe bila kulisugua. Mama alikuja akaketi. Maji yalipotulia tuliona mizizi ya mhindi, na juu yake vitu vyeupe kama meno ya mtoto, vingine vikubwa kama punje ya mchele, kila kimoja kimeng'ang'ania mzizi kwa kitako kipana. Kimoja kilikuwa kimeshaota kichipukizi cha urefu wa kidole, bado cheupe, kikielekea juu. Nilijaribu kukibandua kwa ukucha, mzizi wa mhindi ukachubuka pamoja nacho.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo wakati tunapalilia, hawa walikuwa huku chini wananyonya."

Ndivyo, mama. Kiduha huishi chini ya ardhi wiki nne hadi saba kabla hakijachomoza, na madhara makubwa hufanyika wakati huo. Palizi zetu mbili, ya wiki ya pili au ya tatu na ya mwezi wa pili baada ya kupanda, zimepangwa kwa ajili ya kishona nguo na mchicha pori. Hao wanatoka mapema na tunawamaliza. Kiduha kinatoka jembe likiwa darini. Kwa miaka kumi na moja tumeondoa magugu yote yanayowahi, tukaacha peke yake lile linalochelewa, likachanua na kumwaga mbegu bila kusumbuliwa. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu nyepesi kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikiwa hai.

18 Machi 2023

Hesabu ya kiduha katika fremu kumi za kila kipande, kabla ya kung'oa: mahindi ya kawaida 143. Mtama na kunde 38. Pamba 0. Bila kulima 121. Kipande cha tano, kilichopoteza desmodiamu, 137.

Sifuri ya pamba haimaanishi kwamba mbegu hazimo. Pamba inaziamsha. Kemikali hizo za mizizi huitwa strigolaktoni, na ya kwanza kabisa ilipatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi kuushambulia. Mbegu inaitwa, inaota, inatoa kimzizi chake kifupi, haipati pa kushika, inakufa ndani ya siku chache. Soya, kunde na karanga nazo hufanya hivyo kwa viwango tofauti. Babu hakulijua neno strigolaktoni, lakini kila alipopanda pamba alikuwa akiita kiduha na kukifungia mlango.

Mimea yenyewe haikuumba kemikali hizo kwa ajili ya kiduha. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba mimea huzitumia kuwaita kuvu wa udongoni wanaousaidia mzizi kupata fosforasi. Udongo unapokosa fosforasi, mmea hupaza sauti zaidi, na kiduha husikia. Hii ndiyo sababu gugu hili hupenda mashamba yaliyochoka. Tulipoacha kulaza ardhi na samadi ikawa haba, mahindi yetu yalianza kuita kwa sauti kubwa kila msimu.

Tumeng'oa kiduha chote mchana kutwa, mimi, mama na wapwa zangu wanne, kabla maua hayajafunga mbegu. Msimu huu hatujaokoa hata kilo moja kwa kazi hiyo, nami niliwaambia watoto hivyo mapema ili wasivunjike moyo wakati wa mavuno. Vilivyokwisha kuchanua tumevichoma, hatukuvitupa kwenye lundo la mboji wala mbele ya ng'ombe.

24 Juni 2023

Mavuno kwa ufupi. Mahindi ya kawaida, debe nne na nusu kwenye kipande. Bila kulima, debe tano. Mtama, debe sita, ingawa ndege walichukua sehemu yao na wapwa zangu walishinda wiki tatu wakiwafukuza. Pamba tumeiuza, mzani wa mnunuzi na mzani wa jirani havikukubaliana, na mama amekasirika. Kunde tumekula mboga na mbegu, sijapima.

2 Septemba 2023

Kiangazi. Nimefanya jaribio la makopo kwa sababu ya ubishi uliotokea kwenye kikao cha kikundi cha akiba na mikopo cha kina mama. Mmoja alisema kiduha huletwa na mbegu za dukani. Mwingine akasema ni upepo.

Nilichota udongo wa kipande cha kwanza, nikauchanganya vizuri na kuujaza kwenye makopo sita ya rangi yaliyotobolewa chini. Mawili nikapanda mahindi, mawili pamba, mawili sikupanda kitu. Yote yanamwagiliwa maji sawa, kivulini asubuhi na juani mchana. Nimewaomba kina mama wenyewe wachague makopo yapandwe nini ili nisije kuambiwa nilijua.

28 Oktoba 2023

Makopo ya mahindi: kiduha tisa katika moja, kumi na nne katika jingine. Makopo ya pamba na yale matupu: hakuna hata kimoja, ila mchicha pori na ukoka kidogo. Udongo ni uleule, maji ni yaleyale.

Yule mama wa mbegu za dukani aliinamia kopo lenye pamba akalichunguza kwa dakika nzima. Alitoka mbio kwenda kumwita mumewe. Upepo, maji ya mvua, kwato za ng'ombe na mbegu za kuazimana vyote hueneza kiduha, hilo sibishi, lakini shamba hili halingojei kuletewa kitu. Akiba imo tayari. Kinachoamua ni nini tunachokipanda juu yake.

10 Desemba 2023

Mvua za El Niño. Njia ya kwenda kisimani imekatika. Kipande cha tatu sasa ni mahindi baada ya pamba. Cha tano nimekipanda upya vipandikizi vya desmodiamu, ya majani ya kijani kibichi inayovumilia ukame zaidi, na safari hii tumekizungushia miiba ya mgunga. Vimeshika karibu vyote kwa sababu ya mvua hii.

Kipande cha nne, siku chache baada ya dawa, kina kitu kipya. Lile jani laini linalotambaa, lenye maua ya bluu ya petali mbili kubwa, limepona. Majani mengine yote yamekauka kuwa ya kahawia, lenyewe limepauka kidogo na kuendelea.

11 Februari 2024

Leo nimepiga magoti kwenye kipande cha nne tangu asubuhi. Hilo jani la bluu sasa limejaa nusu ya kipande. Kila fundo la shina lililogusa ardhi limetoa mizizi yake, ukikata vipande vitatu unapata mimea mitatu. Nilipolivuta kwa uangalifu nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa macho yangu: chini ya ardhi, kwenye vishina vyeupe, kuna vifuko vya maua. Linachanua huku juu kwa rangi ya bluu na kuchanua tena gizani, na maua hayo ya gizani nayo yanafunga mbegu. Dawa niliyotumia hailiwezi vizuri, na wataalamu wanalijua hilo. Mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani yalijaa jani hilihili baada ya wakulima kuacha kulima na kutegemea dawa moja.

Ndago nayo imeongezeka hapo. Kishona nguo kimezidi kwa sababu mbegu zake zinabaki juu ya udongo, hakuna plau ya kuzifukia. Mchicha pori umepungua chini ya mabua. Kwa hiyo hatukuondoa magugu, tumebadilisha wakazi. Jirani aliyeulizia dawa mwaka jana nimemleta aone. Sikumkataza. Nimemwambia tu, akiacha plau lazima ajiandae kung'oa kwa mkono au kubadilisha dawa na mazao, la sivyo miaka mitatu ijayo atakuwa na shamba la bluu. Kuacha kulima kuna faida zake: udongo wa kipande hiki ulishika maji hata wiki mbili za jua, na maji ya El Niño hayakuuchukua. Sitaki kuona watu wakirudi kwenye plau kwa sababu ya jani moja.

17 Machi 2024

Hesabu ya kiduha, fremu kumi kila kipande. Mahindi ya kawaida 96. Mtama na kunde 17. Mahindi baada ya pamba 51. Bila kulima 74. Mahindi na desmodiamu 44.

Nimeifurahia karatasi hii kisha nikajizuia. Mwaka huu mvua ilikuwa nyingi, na mbegu za kiduha zikilowa muda mrefu hurudi usingizini. Kushuka kutoka 143 hadi 96 kwenye mahindi ya kawaida, ambako hatukubadilisha kitu isipokuwa kung'oa, nadhani ni kazi ya mvua zaidi kuliko ya mikono yetu. Kipimo cha haki ni kulinganisha vipande ndani ya mwaka mmoja. Hapo pamba imesimama: 51 dhidi ya 96. Mwaka mmoja wa pamba haujamaliza akiba, ila umeipunguza kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Desmodiamu ndiyo kwanza ina miezi mitatu na tayari iko 44. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha na kuzuia kimzizi chake kukua hadi kwenye mhindi, na kwa kuwa haing'olewi kila mwaka, kazi hiyo inaendelea hata mahindi yakishavunwa.

Mama amekata desmodiamu ya kwanza na kumpa ng'ombe mwenye ndama. Hajaniuliza hesabu. Amesema maziwa yameongezeka, basi.

Viwavijeshi vamizi vimeingia kipande cha kwanza na cha nne kwa nguvu. Kipande cha tano kina matundu machache. Sikupanga kupima hilo, nimeliandika tu.

7 Julai 2024

Mavuno: mahindi ya kawaida debe sita. Bila kulima saba. Mahindi baada ya pamba tisa. Mahindi na desmodiamu nane, pamoja na majani ya ng'ombe. Mtama saba na kunde zake.

Jioni tuliketi wote kuamua msimu ujao. Kaka yangu alitaka shamba zima liwe la mtama, kwa sababu karatasi inasema 17. Mama akakataa. Alisema wajukuu hawatakula ugali wa mtama siku saba za wiki, na ndege wanahitaji watoto ambao wanapaswa kuwa shule. Ana haki. Gugu lililojaa shambani lilikuja na maamuzi ya namna hii, ya chakula, ya ada, ya nani atabaki nyumbani, na litaondoka kwa maamuzi ya namna hiyohiyo. Tumekubaliana: theluthi mahindi na desmodiamu, theluthi mtama na kunde, theluthi karanga, na vitazunguka, isipokuwa desmodiamu ambayo inabaki mahali pake. Samadi ya mwaka mzima itakwenda kwenye mahindi, ikiwa imelala na kuiva vizuri kwenye lundo, si kuzolewa zizini moja kwa moja na mbegu za mchicha pori ndani yake.

Palizi tumeongeza ya tatu, mwishoni mwa Februari. Ni siku moja ya kung'oa kiduha kwa mkono. Mama ameipa jina, anaiita palizi ya watoto wetu, kwa kuwa faida yake hatuivuni sisi mwaka huo.

16 Novemba 2024

Mvua ya kwanza jana usiku. Mama amenipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa Mwanza, kuniambia kwamba yule mama wa mbegu za dukani, aliyelichunguza kopo la pamba, amekuja kuazima fremu ya waya. Shamba lake liko ng'ambo ya mto, mahindi miaka yote, na anataka kuanza kuhesabu kabla hajabadilisha chochote, ili awe na cha kulinganisha. Nimemwambia mama ampe, na ampe pia daftari jipya lililo kabatini. Kalamu anayo.